Kivuli cha Spana Kumi na Tatu

Nchi ninayotaka kukusimulia haina jina, kwa hiyo usianze kuniuliza ni wapi. Ukihisi unaijua, nenda kapime macho. Mimi nasema nilichokiona tu, na nilikiona vizuri kwa sababu nilikuwa chini. Fundi wa ndege za vita kazi yake ni kubaki chini.

Vita vyenyewe vilianza kwa wingu. Sikutanii. Tarehe tatu ya mwezi wa tatu, wingu letu, kubwa, jeusi, limeshiba maji, lilitokea vilimani kwetu, likapita juu ya makao makuu, likavuka mpaka bila kibali, likaenda kunyesha kwa jirani. Jirani akapanda mahindi. Jioni hiyo redio ikasema tumevamiwa. Mtukufu Rubani Mkuu wa Taifa, ambaye hajawahi kupanda ndege kwa sababu ya masikio, akatangaza kwamba hatupumziki mpaka wingu lirudi nyumbani.

Mimi wakati huo nimemaliza kidato cha nne, matokeo yametoka, tuyaache kama yalivyo. Nashinda gereji ya pikipiki ya baba mdogo, naosha plagi, nazozana na wateja, naangalia barabara. Likaja gari la matangazo.

"Vijana! Jiungeni na Jeshi la Anga, kikosi cha mafundi! Buti jozi mbili! Blanketi mbili! Nyama mara tatu kwa wiki! Likizo kila miezi mitatu! Na cheti cha ufundi kinachotambulika dunia nzima, isipokuwa kwa adui!"

Baba mdogo akafuta mikono, akaniangalia juu mpaka chini. "Nenda," akasema. "Angalau ndege haitarudishwa kesho yake na mteja anayelia kelele ni ileile."

Nikaenda.

Tulikuwa mia sita uwanjani, wao wanataka arobaini. Kwanza wakatupima shingo, maana askari wa anga lazima aweze kuangalia juu dakika kumi bila kukohoa. Halafu tukakimbizwa kilomita kumi na mbili. Nikamuuliza koplo mmoja tunakimbilia nini wakati kazi ni kufungua nati. Akasema, "Ndege ikikuacha, utaifukuza na nini?" Halafu wakakagua mikono. Aliyekutwa na grisi kwenye kucha akarudishwa kwao, eti jeshi linataka vijana wasafi. Kuna jamaa alikuwa fundi wa matrekta, miaka minane kazini, aliondoka analia. Mimi nilikuwa nimenawa na sabuni ya unga mpaka vidole vinawasha.

Mwisho kabisa kulikuwa na meza, afisa na fomu.

"Unaogopa urefu?"

"Si nitakuwa chini, afande?"

"Jibu swali."

"Siogopi, afande."

"Umewahi kukosea?"

Nikafikiri kidogo. "Mara nyingi tu, afande."

Akaniangalia kwa huruma kama mgonjwa. Akaandika: *hapana*. "Huku hatukosei," akasema. "Weka saini hapa."

Penye muda wa utumishi paliandikwa: *mpaka wingu litakaporudi*. Nikasaini haraka, mvua za masika zilikuwa mlangoni, nikajua ni wiki tatu tu. Sikujua kwamba wingu lolote likija lazima kwanza likaguliwe na kamati, ithibitishwe kama ni lile lenyewe. Kamati ina wajumbe ishirini na sita. Mpaka naondoka ilikuwa haijakubaliana rangi.

Kambini ahadi zote zilitimizwa, nisiwasingizie. Buti zilikuja jozi mbili kweli, za kikosi kizima. Watu arobaini, buti nne. Tulizivaa kwa zamu siku za ukaguzi: mkaguzi akimaliza mstari wa kwanza, wanavua wanarusha nyuma. Blanketi mbili nazo zilikuwepo, zimetundikwa ofisini, zisichakae. Nyama ilikuwa kwenye ratiba ukutani jikoni, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, wino mwekundu, unaisoma huku unakula maharage. Nilipoomba likizo nikapewa fomu ya kuombea fomu.

Ndege nzima ilikuwa moja, inaitwa Ghadhabu. Nyingine tatu zilishaenda kuwa mashujaa. Pale getini kuna jiwe la marumaru lenye majina ya marubani watatu, na chini yake: *Walidunguliwa na adui*. Adui hakuwa na mzinga hata mmoja, alikuwa na mahindi. Lakini redio ilisema aliwadungua, na redio iko juu kuliko mimi.

Kitu kimoja tu katika kambi ile kilikuwa cha kweli. Ubao wa vifaa.

Ulikuwa ukutani ndani ya banda la ndege, mpana kama milango miwili, mweupe. Kila kifaa kina msumari wake, na nyuma yake umbo lake limepakwa rangi nyeusi. Spana ina umbo la spana, koleo lina umbo la koleo. Tuliliita kivuli. Ukichukua kifaa, kivuli kinabaki kinakukodolea macho. Kila kazi ikiisha mnasimama mnahesabu: kivuli kitupu maana yake kuna kifaa hakijarudi, na kama hakiko mkononi mwa mtu basi kimo ndani ya ndege. Juu ya ubao kulikuwa na fremu ya dhahabu: *KANUNI YA KWANZA. PAKIWA NA KIVULI KITUPU, HAKUNA NDEGE INAYORUKA.* Chini, saini ya Mtukufu mwenyewe, ndefu kama reli.

Msimamizi wa ubao alikuwa Sajini Mbaruku. Mtu mwembamba, maneno machache, amebakiza siku kumi na moja astaafu. Siku ya kwanza alinishika bega, akanisimamisha mbele ya ule ubao.

"Dogo, spana ikisahaulika ndani ya injini inafanya nini?"

"Sijui, afande."

"Haifanyi kitu. Inalala. Utawasha injini hapa chini, itanguruma vizuri, utafurahi. Rubani akishafika kule juu, akageuza ndege, ndipo inaamka."

Rubani tuliyebaki naye alikuwa Kapteni Sikitu. Mwanamke mrefu, ana mwanya, anatujua wote arobaini kwa majina, na mimi aliniita Shingo kwa sababu ya vipimo vyangu. Alikuwa na tabia moja. Kabla ya kupanda lazima aulize, "Nani kaifunga leo?" Aliyefunga injini anatokeza, wanapeana mkono, ndiyo anapanda. Haulizi kitu kingine. Mkono tu. Siku ya kwanza aliponipa mimi huo mkono sikunawa mpaka jioni, na wewe unajua ninavyonawa.

Sasa, kulikuwa na redio. Ilikuwa juu kwenye nguzo ya banda, haizimwi. Na amri ilikuwa kwamba jina la Mtukufu likitajwa, kila askari atapiga saluti kwa mkono wa kulia, mkono mtupu, kwa sababu kumsalimia Mtukufu umeshika nyundo kunaweza kueleweka vibaya. Kwa hiyo jina likitajwa unaweka kifaa chini, popote, unapiga saluti, unaokota, unaendelea. Kwa siku ya kawaida ni mara arobaini kwa saa. Siku ya taarifa ya habari, usiniulize.

Alhamisi ile ilikuwa siku kubwa. Saa kumi jioni Waziri wa Anga na Mambo ya Juu alikuwa anakuja na watu wa televisheni kushuhudia Operesheni Rudi Nyumbani. Ghadhabu ilifungwa kipaza sauti tumboni, kikubwa kama pipa, na ndani yake hotuba ya Mtukufu ya dakika tisini ikiliamuru wingu lirudi. Kapteni Sikitu alitakiwa avuke mpaka, alitafute, alisomee.

Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya injini tangu asubuhi, nakaza pampu ya mafuta kwa spana namba kumi na tatu. Saa tano ikaanza taarifa ya habari. Mtukufu amefungua daraja. Naweka spana, saluti, naokota. Mtukufu amelitazama daraja. Naweka, saluti, naokota. Mtukufu amesema daraja ni daraja. Naweka, saluti... wakamtaja mara sita kwenye pumzi moja, mkono ukakaa kichwani tu. Redio ilipotulia, nikashuka, nikafunga kifuniko, nikaenda kwenye hesabu najiona fundi.

Sajini Mbaruku alihesabu. Akafika mstari wa tatu, akasimama.

Kivuli cha spana kumi na tatu kilikuwa kitupu.

Nikatafuta mfukoni, chini ya ngazi, kwenye ndoo ya matambara. Wenzangu wote wakainama kutafuta. Koplo Tunu, jirani yangu wa kitanda, dada mmoja mdomo mrefu mwenye mikono myepesi kuliko wote pale, akatambaa chini ya ndege nzima. Hamna.

Nikaenda mwenyewe kwa mkuu wa kambi, Brigedia Kitundu. Nilimkuta anafanya mazoezi ya kutabasamu.

"Afande, nimekosea. Nimesahau spana ndani ya injini. Naomba ndege ifunguliwe."

"Itachukua muda gani?"

"Masaa matano, afande."

"Waziri anafika baada ya masaa manne." Akafikiri, akanyanyuka, akanifuata mpaka kwenye ubao. Akaukagua kama mtu anayenunua kochi. "Mbaruku."

"Afande."

"Hapa pachafu. Patengeneze."

Sajini Mbaruku hakuuliza papi. Akaenda kabatini, akarudi na kopo la rangi nyeupe na brashi. Mara tatu tu, juu, chini, juu. Kivuli cha spana kumi na tatu kikapotea. Akagongomoa na msumari.

"Haya," Brigedia akaniambia. "Hesabu vivuli vitupu."

"Afande, spana imo ndani ya..."

"Hesabu."

"Hakuna, afande."

"Sasa umekosea nini?"

"Nimesahau spana, afande!"

"Spana gani? Nionyeshe kivuli chake." Akanipapasa kichwa. "Kijana, usijisingizie. Rekodi zako hapa zinaonyesha hujawahi kukosea tangu uzaliwe. Kesho utakuwa koplo. Nendeni mkale."

Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimekosa na kukubali kosa, na serikali nzima ikanikatalia. Shuleni nilichapwa kwa makosa ambayo sijafanya. Leo ninalo la kwangu mwenyewe, kubwa, lenye namba, na hakuna anayelitaka.

Wenzangu wakaenda kwenye maharage. Mimi nikabaki. Nikachovya tambara kwenye petroli nikaanza kusugua ile rangi. Ilikuwa bado mbichi, ikatoka, kivuli cha kumi na tatu kikachungulia. Lakini hasira zilishanipanda, nikawa nasugua tu, huku na huku, na ubao ukaanza kufanya kitu cha ajabu. Karibu na pale, chini ya rangi ya zamani iliyokauka, pakatokea bisibisi ndefu. Nikasugua juu yake, koleo. Nikasugua kushoto, spana kumi na saba.

Vivuli vitatu. Misumari haina. Vifaa havipo.

Nikageukia mlango wa banda. Jiwe la marumaru linaonekana pale getini, majina matatu.

"Bisibisi ni ya Luteni Mbwambo," sauti ikasema nyuma yangu. Sajini Mbaruku alikuwa amesimama na sahani yake ya maharage. "Koleo ni la Kapteni Hiza. Ile spana ni ya yule kijana Ulimboka, alikuwa na miezi miwili tu kazini."

"Nani alivipaka rangi, afande?"

Akaweka sahani chini taratibu. "Unadhani kwa nini kopo lilikuwa limeshafunguliwa?"

Nilitaka kumtukana, sikupata tusi lake.

"Kila mara waliniambia ni hii tu," akasema. "Na kila mara nilikuwa nimebakiza muda mfupi wa kustaafu. Wananiongezea muda, kisha wananipunguzia. Mke wangu ameshapaki sanduku mara nne."

"Na Kapteni Sikitu je? Atauliza nani kaifunga. Nitampa mkono gani?"

Alichukua tambara lingine, akachovya, akaanza kusugua na yeye.

Saa tisa na nusu Waziri alishafika. Suti ya kijivu, miwani ya rubani, watu wa televisheni wanarudi nyumanyuma mbele yake. Tukapangwa mstari, buti nne mbele. Brigedia alitabasamu vilevile alivyofanya mazoezi. Halafu akauona ubao. Vivuli vinne vitupu, vyeusi tii, Sajini alikuwa amevipaka upya kwa mkono wake.

"Nani kafanya ujinga huu?"

"Mimi, afande," nikasema.

"Na mimi," Sajini akasema.

Waziri akauliza kuna nini. Brigedia akamwambia ni mapambo. Hapohapo Kapteni Sikitu akatoka na kofia yake kwapani, akaja moja kwa moja kwetu kama kawaida.

"Nani kaifunga leo?"

Nikatoka mstarini. Mkono nikauweka nyuma.

"Mimi, Kapteni. Usinipe mkono. Nimesahau spana kumi na tatu ndani."

"Hakuna spana kama hiyo!" Brigedia akafoka. "Haijawahi kuwepo! Huyu kijana ana matatizo ya kukosea!"

Kapteni hakumwangalia. Alikuwa anaangalia ubao, vile vitatu vingine. Akanyoosha kidole kwenye koleo. Hiza alikuwa amesoma naye urubani darasa moja. "Hii ya lini?"

"Ya mwezi wa tatu, Kapteni," Sajini akasema. "Siku ile ya Kapteni Hiza."

Akavaa kofia yake? Hapana. Aliiweka sakafuni, pale pale, taratibu sana.

Brigedia akanyakua brashi na kumtupia Koplo Tunu. "Paka! Futa yote!"

Tunu akaidaka. Akaenda mpaka ubaoni, akaitazama ile brashi, akaichovya. Kumbe kachovya kwenye kopo jeusi. Akachora buti.

"Tunu! Hiyo nini?"

"Buti langu, afande. Niliahidiwa jozi mbili, hazijafika. Kama ni kuhesabu tuhesabu vyote." Akachora la pili, la tatu na la nne, kisha akampa brashi aliyekuwa nyuma yake. Yule akachora blanketi. Mwingine akachora paja la mbuzi, na chini yake *Jumatatu*. Jamaa mmoja mpole ambaye sijawahi kusikia sauti yake alichora kijumba chenye mlango wazi na mtu amesimama mlangoni. "Likizo yangu," akasema. "Huyo ni mama." Vijana walikosa brashi, wakachora kwa grisi, kwa vidole, ubao ukajaa wakahamia ukutani. Watu wa televisheni wanapiga picha tu, walidhani ni burudani.

Brigedia mwenyewe alichukua kopo jeupe akawa anakimbia nyuma yetu anafuta. Anafuta buti, nyuma yake zinachorwa mbili. Alifuta blanketi nne, mapaja mawili ya mbuzi, na nusu ya mama wa mtu. Halafu rangi ikaisha.

Ndipo redio ikasema: "Mtukufu Rubani Mkuu wa Taifa..."

Waziri akapiga saluti. Brigedia akapiga saluti, rangi ikamchuruzika mpaka kwenye sikio. Sisi arobaini tulikuwa na vifaa mikononi. Brashi, spana, matambara. Amri inasema weka chini.

Hatukuweka.

Redio ikamtaja tena. Na tena. Waziri mkono uko kichwani, anatuangalia kwa jicho la pembeni, anasubiri. Sajini Mbaruku, miaka thelathini na moja jeshini, alishika ile brashi kwa mkono wa kulia kama ameoteshwa nayo.

Taarifa ilipoisha Waziri akaipoza sauti. "Kapteni, panda ndege. Wingu halisubiri."

"Mheshimiwa, umesoma kanuni hiyo hapo juu?"

"Nimeisoma."

"Ile saini ni ya nani?"

Waziri akainua macho kwenye ile fremu. Akaangalia ukuta mzima, vivuli vitupu kuanzia mlangoni mpaka dirishani. Akaangalia saini tena. Ungemwonea huruma: kuivunja hawezi, kuitii hawezi, na kamera inamulika. Mwisho akasema hali ya hewa imebadilika, akarudi kwenye gari lake. Juu jua linawaka kama kaa la mkaa.

Kapteni akanigeukia. "Shingo. Spana zako ziko wapi? Tufungue."

Tuliimaliza kesho yake asubuhi, kwa zamu. Spana kumi na tatu ilikuwa imelala kiubavu nyuma ya pampu, safi, mafuta kidogo, kama mtu aliyepitiwa na usingizi kazini. Nikaipeleka ubaoni. Sajini akapigilia msumari mpya. Kapteni Sikitu alisubiri mpaka imeshaning'inia, ndiyo akanipa mkono.

Saa nne wakanikamata. Hati ya mashtaka ninayo mpaka leo: *kukutwa na spana ambayo haijawahi kuwepo*. Hakimu wa kijeshi akaniuliza kama nakubali kosa.

"Nakubali, mheshimiwa. Lakini siyo hilo. Mimi niliisahau."

"Hilo halipo kwenye hati."

"Liandike."

"Huku hatukosei," akasema. Nikamjua sauti: yule afisa wa ile meza ya fomu. Wakanipa wiki tatu mahabusu, wakanifukuza jeshi, wakanitoa getini bila viatu. Hilo la viatu halikuwa adhabu, ndivyo nilivyoingia.

Sasa niko gereji kwa baba mdogo. Namaliza kazi nahesabu spana, wateja wanacheka. Jumapili iliyopita Koplo Tunu alikuja, amepata likizo, ya kwanza katika historia ya kambi. Wamegawa na buti. Sajini Mbaruku kakataa kustaafu mpaka lile jiwe la getini lichongwe upya, liandikwe bisibisi, koleo na spana.

"Na Ghadhabu?" nikamuuliza. "Inaruka?"

"Redio inasema hali ya hewa mbaya."

"Mwezi wa pili huu, kiangazi?"

Tunu akacheka, akachukua chaki, akachora mtu kwenye mlango wa gereji ya baba mdogo. Futi tano na inchi saba. Shingo ndefu. Masikio yaleyale ninayochekwa nayo tangu shule ya msingi.

"Tumekuchora hivi pale ubaoni," akasema, "katikati, rangi nyeusi, ya mafuta. Brigedia ameleta kopo jipya jeupe, lakini kila anayepewa brashi mikono yake imejaa vifaa. Kwa hiyo kivuli chako kipo tu. Kitupu."